Dondoo muhimu: Shokapu na springi bila kuumiza mfuko

Njia ya vumbi kati ya Ngorongoro na Seronera ina matuta madogo yasiyokwisha. Land Cruiser ya watalii ikipita hapo, mafuta ndani ya shokapu hupata joto kali na kutoa povu, na gari huanza kurukaruka. Shokapu za gesi, zisizotoa povu upesi, ndizo zinazostahili pesa ya kwanza.

Springi hubeba uzito. Shokapu hutuliza mtikisiko. Gari lililoinama nyuma lina tatizo la springi, hivyo kulifungia shokapu mpya pekee ni kupoteza fedha. Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye springi bapa nyuma, fundi mzuri huweza kuongeza au kubadili jani moja badala ya seti nzima.

Wakati wa kuchagua springi, uzito wa kila siku ndio upimwe, si wa safari moja kubwa. Springi ngumu mno kwenye gari tupu humchosha dereva na kupunguza mshiko wa matairi.

Shokapu zibadilishwe mbili mbili kwa kila ekseli. Zilizotumika, hata zikiwa safi kwa nje, ziachwe dukani: hali ya sili za ndani haionekani. Bushi na yubolti mpya ni gharama ndogo, na boliti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira hujikunja na kuchanika mapema.

Anayetaka pia kuliinua gari akumbuke: kupita milimita 50, mara nyingi huhitajika mipira mirefu ya breki.