Kikoa cha waandishi: maswali kutoka Makoongwe

Makoongwe ni kisiwa kidogo kinachotazamana na bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Maswali ya safari hii yametoka kwa kijana wa huko anayeandika kwa kujitegemea, yaani hana mwajiri: leo habari ya gazeti, kesho mchezo wa redio, keshokutwa ripoti ya jumuiya fulani au utenzi wa harusi ya watu. Yeye na wenzake wachache wa Mkoani, Mtambile, Chake Chake na Wete wanataka kuwa wanaonana mara moja kwa mwezi, bila ya mambo makubwa. Nimeyajibu kwa kadiri ya ninavyoijua kazi hii, na pale ambapo maswali mawili yalifanana nimeyaunganisha.

Tuna kundi la WhatsApp na tunazungumza humo kila siku. Kuna haja gani ya kuvuka bahari ili tukaonane?

Haja kubwa ni fedha, tusioneane haya kulisema hilo. Mwandishi wa kujitegemea hukaa peke yake na bei yake. Hajui mwenzake alilipwa kiasi gani kwa kazi ile ile, hajui ofisi ipi hulipa baada ya wiki na ipi humzungusha mtu miezi, hajui nani anatafuta mfasiri. Mambo hayo hayaandikwi kwenye kundi la simu. Ukiandika kwamba fulani hajanilipa, kabla ya adhuhuri picha ya maneno yako imeshamfikia fulani mwenyewe, na Pemba si mahali pa kujificha. Mkiwa mmekaa jamvi moja, kikombe mkononi, jambo husemwa likaishia hapo hapo.

Faida ya pili ni kazi yenyewe. Mwenye shughuli nyingi anapopata kazi asiyoiweza humpa aliyemuona juzi. Yule ambaye ni jina tu kwenye orodha ya simu hakumbukwi.

Kundi la WhatsApp liacheni lifanye linaloliweza: kukumbusha tarehe, kuulizia usafiri, kusambaza tangazo la tuzo. Ama salamu za Ijumaa na maua yake, hayo mtayapata kwingine.

Tumefikiria Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Ni siku nzuri?

Kwa mtu wa Chake Chake pengine. Kwa Makoongwe, kalenda ya ukutani itakusumbueni, kwa sababu anayepanga saa hapo ni maji.

Tazama mambo yanavyokwenda. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Kwa hiyo ukimwita mgeni saa nne asubuhi ya bamvua, umemwita wakati maji yako mbali kabisa. Chombo kitakwama nje, naye atashuka na kutembea kwenye tope na majani ya bahari, viatu mkononi, kompyuta kichwani. Mara moja atacheka. Mara ya pili atakuwa na udhuru.

Maji mafu ni kinyume chake. Kwenye mwezi nane au tisa, na tena kwenye ishirini na mbili au ishirini na tatu, maji hupanda kiasi cha saa nne asubuhi, na hata yakitoka hayaendi mbali. Hapo mtu anavuka kwa raha, anakaa saa tatu au nne, anarudi Mkoani mapema na kupata gari ya Chake, zile za namba 603, kabla hazijapungua. Basi semeni hivi: Jumamosi iliyo karibu na maji mafu ya kwanza ya mwezi mwandamo. Watu wa bara wataona ni hesabu ngumu, lakini kila mvuvi wa kisiwani atakutajieni siku hiyo bila ya kuangalia pahala.

Mna faida nyengine msiyoitarajia. Kwa kuwa mnafuata mwezi mwandamo, Ramadhani itajitokeza wazi kwenye ratiba. Mwezi huo pumzikeni. Anayetaka kuwafuturisha wenzake awaite wanaokaa karibu, asimvushe mtu usiku. Masika nayo yakichachamaa, hamishieni mkutano Mkoani bila ya kuomba radhi.

Nani agharimie chai na nauli?

Fanyeni kikoa kama wanavyofanya watu wa pwani wote. Mwezi huu kwa fulani, mwezi ujao kwa mwengine, na mwenye zamu ndiye mwenye chai na vitafunio. Mihogo ya nazi na samaki imetosha, au mkate wa kumimina na kahawa. Wekeni sharti moja tu la jikoni: mtu asiwapindukie wenzake. Kikoa huvunjika siku mtu mmoja anapopika biriani, kwa sababu anayefuata hana biriani, na badala ya kusema hivyo ataumwa.

Nauli kila mtu na yake, isipokuwa ya mvuko. Ile ya mvuko ichangwe na wote wanaohudhuria, wa kisiwani wakiwemo, maana wao ndio wanaolipa kila mkutano unapofanyika ng'ambo.

Zamu ina faida kubwa kuliko kugawana gharama. Inamzuia mtu mmoja asiwe mwenye mkutano. Nimeona vikao vingi vizuri vikifa kwa sababu vilikuwa vya mtu. Alipopata ajira au kuhama, kikao kilihama naye.

Tuuandikishe umoja wetu? Tunaambiwa tukiwa na katiba tutapata ufadhili.

Bado. Watu watano wanaokunywa chai hawahitaji mwenyekiti, na mkimchagua mtapata mambo mawili ambayo hamkuwa nayo: mgombea aliyeshindwa, na ajenda.

Sisemi kwamba vyama havina kazi. UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi kilichoasisiwa 1959, ambacho Mathias Mnyampala aliwahi kukiongoza, kiliwapa washairi wa nchi nzima pahala pa kusimama. Hapa Pemba, waandishi wa habari wana klabu yao, Pemba Press Club, na aliye mwandishi wa habari miongoni mwenu ni vyema ajiunge nayo, kwani mambo ya vitambulisho, mafunzo na kumtetea aliyekamatwa yanataka chombo chenye mhuri. Kikao chenu ni kitu chengine. Humo atakaa mwandishi wa habari na mtunzi wa tenzi na mfasiri, na kila mmoja atasikia soko la mwenzake.

Siku mtakapotaka kufungua akaunti ya benki au kuomba fedha za mtu, hapo nendeni kwa mrajis, mkaisome sheria ya jumuiya ya Zanzibar inayotumika sasa. Na mkifikiria kutoa jarida, someni kwanza ile ya 1988 inayohusu usajili wa magazeti na vitabu. Ni rahisi kuisoma kabla ya kuchapa kuliko baada yake.

Tusomeane kazi zetu?

Ndiyo, lakini isiwe shughuli yote. Kusomeana kuna asili kongwe hapa. Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa Pemba wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, walikuwa wakijibizana kwa mashairi, na majibizano hayo ndiyo sehemu ya kilichowafanya wakumbukwe. Tungo zao zilikusanywa katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu alichokihariri Abdilatif Abdalla na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Kila mmoja alikuwa na msomaji asiyemuonea muhali. Hilo ndilo linalotakiwa.

Kwa utaratibu, chukueni kazi ya mtu mmoja kila mwezi, kurasa mbili au tatu, itumwe wiki moja kabla ili watu waje wameisoma. Isomwe papo hapo kwa sauti ikiwa ni shairi, maana shairi bila sauti ni nusu. Mwandishi anyamaze mpaka wenzake wamalize. Huyu anayenyamaza ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa anataka kueleza alichokusudia, na msomaji wa gazeti hatakuwa naye mwandishi pembeni wa kumueleza.

"Mashaallah, nzuri" ikitolewa, ifuatwe na jambo moja mahususi: sentensi gani, neno gani. Vyenginevyo ni salamu.

Mimi ni mwanamke, ninaandika vipindi vya redio. Nikisikia "baraza la waandishi" najua ni wanaume na bao. Nitakaa wapi?

Dada yangu, umeuliza swali ambalo wenzako walipaswa kuniuliza kabla ya lile la katiba.

Baraza ya nje, usiku baada ya Isha, ina watu wake, na mwanamke wa Makoongwe hatakwenda, wala hatapewa sababu ya kwenda. Kwa hiyo asubuhi niliyoitaja haikuwa kwa ajili ya maji peke yake. Kutaneni mahali penye heshima palipo wazi: ukumbi wa nyumba ya mmoja wenu mwenye familia, au skuli siku isiyo ya masomo, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Watoto waje. Mwenye zamu ajue kwamba watakuja, aandae mkeka wao. Na zamu ya kikoa isigeuke kuwa zamu ya wake za waandishi: mwanamme akiwa mwenyeji, chai aishughulikie yeye.

Mkiwa wanawake watatu au wanne, hakuna dhambi kuwa na chenu pia. Kampala, mwaka 1995, wanawake wachache wakiongozwa na Mary Karooro Okurut walianzisha FEMRITE kwa sababu wachapishaji na vikao vilikuwa vya wanaume. Wakaweka siku yao ya kusomeana kila wiki, mlango ukiwa wazi kwa yeyote anayeandika. Monica Arac de Nyeko, mmoja wao, alishinda Tuzo ya Caine 2007. Tuzo haikuja kwa sababu ya kikao, lakini wasomaji wake wa mwanzo walikuwa hapo, wanawake wenzake wanaojua saa za kuandika zinavyoibwa na sufuria.

Tutazungumzaje bei bila ya kuchukiana?

Msiulizane "wewe unalipwa ngapi?" Ni swali la kumvua mtu nguo. Ulizeni kazi: makala ya kurasa mbili, tafsiri ya kurasa kumi, mchezo wa redio wa robo saa, utenzi wa harusi. Kila mtu aandike kwenye kikaratasi bila jina kiasi alicholipwa mara ya mwisho kwa kazi hiyo, na siku alizosubiri mpaka akalipwa. Vikaratasi vichanganywe, mmoja asome.

Mtakayoyasikia yatakushtueni. Kwa kawaida pengo baina ya wa juu na wa chini ni kubwa mno, na wa chini si mwandishi dhaifu, ni yule aliyekuwa hajui kwamba inaruhusiwa kuuliza. Mkishajua, wekeni sakafu, bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake kwa kazi ya ofisi. Harusi na maulidi ni jambo la ujirani, hayo yaacheni kila mtu na moyo wake.

Na mzoee kudai maandishi. Ujumbe mfupi unaotaja kazi, kiasi, tarehe ya kulipwa na idadi ya marekebisho unatosha, na usione haya kuomba nusu kabla ya kuanza.

Nikilitaja wazo langu kikaoni, mtu akaliandika yeye?

Huenda. Hakimiliki hulinda maneno jinsi ulivyoyaandika, hailindi wazo lililo kichwani. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003, na COSOZA ndio wanaoisimamia. Yale ya bara ni mengine. Kwa hiyo liandike kwanza, hata kurasa mbili, ndipo ulizungumze.

Ila nikuambie ukweli: kinachopotea Pemba ni mawazo yaliyofichwa, zaidi ya yaliyoibiwa. Tuzo ya Taifa ya Uandishi Bunifu ya Mwalimu Nyerere, inayoendeshwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Safal ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, zote zinapokea miswada ya Kiswahili. Wangapi kisiwani wana daftari sandukuni na hawajapata mtu wa kuwaambia tarehe ya mwisho ni lini?

Tumeanza, na mkutano wa pili tumekuwa watatu. Tuache?

Watatu ni wengi. Jarida la Kwani? la Nairobi lilitokana na mazungumzo ya waandishi waliokuwa wakionana majumbani na bustanini, baada ya Binyavanga Wainaina kushinda Tuzo ya Caine 2002. Toleo la mwanzo lilitoka 2003, na mwaka huo huo Yvonne Adhiambo Owuor akaipata tuzo hiyo kwa hadithi iliyochapishwa na hao hao. Usiku wa mashairi wa kila mwezi, uliojaza watu, ulikuja baadaye.

Msiwasute waliokosa. Mmoja wenu awapelekee mambo mawili tu yaliyozungumzwa, yale yasiyo ya siri, na tarehe ya maji mafu yajayo. Pia mtazame kama mliowaita ni wanaoandika kweli au ni wanaopenda kuitwa waandishi. Hawa wa pili huja wa kwanza na huondoka wa kwanza. Na kama aliyekosa ni yule wa Wete, mkumbuke kwamba ili afike Makoongwe saa nne anatoka kwake alfajiri na kubadilisha gari Chake. Mwezi ujao nendeni nyinyi.