DHAHABU YA LUPA INA UMRI GANI?



Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922. Leo machimbo yake yako Chunya, mkoani Mbeya, na upande wa Saza na Mkwajuni, katika Mkoa wetu wa Songwe. Wapo wachimbaji wanaosema kuwa dhahabu huhama usiku, na kwamba ni lazima mganga alipwe ili aiite irudi. Fedha za watoto huishia huko. Basi leo tujifunze jinsi wataalamu wanavyojua dhahabu iliingia lini mwambani.

Dhahabu yenyewe haina alama ya umri. Kwa hiyo wataalamu hupima jirani yake, pairaiti. Haya ni madini ya chuma na salfa. Yana rangi ya njano, yanang'aa, na huwadanganya wageni machimboni. Ndani ya pairaiti mna chembe kidogo sana za reniamu. Aina moja ya reniamu hugeuka yenyewe, polepole mno, ikawa osmiamu.

Tuchukue mfano. Debe la maji lina tundu dogo. Chini yake tumeweka bakuli tupu. Ukijua tundu linavuja kwa kasi gani, pima maji ya debeni na ya bakulini. Utajua debe lilianza kuvuja lini. Reniamu ni maji ya debeni, na osmiamu ni maji ya bakulini. Lakini mtu akimwaga bakuli, hesabu imeharibika! Ndiyo maana wataalamu huchagua jiwe zima, siyo lililoliwa na kutu.

Wataalamu walipima madini ya Lupa kwa njia hii, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Dhahabu iliingia mwambani miaka kama 1,880,000,000 iliyopita. Tusome pamoja: bilioni moja, milioni mia nane na themanini. Kwa muda wote huo, katika kila chembe 100 za reniamu ile, ni kama 3 tu zilizogeuka.

Sasa je, mwamba nao una umri huo huo? Hapana. Baadhi ya mawe ya itale ya Lupa yana zaidi ya miaka milioni 2,700. Mwamba ulikuwepo kwanza. Baadaye ulipasuka, maji ya moto kutoka chini yakapita katika nyufa, yakaacha dhahabu humo. Kwa hiyo mchimbaji afuate nyufa za zamani, asichimbe kila jiwe gumu.

Dhahabu iliyokaa muda huo wote haiwezi kuhama kwa usiku mmoja. Ni mvua na mito tu zinazobomoa mwamba na kusomba punje mpaka mabondeni. Mkanda ukipotea shimoni, ama mwamba umekatika hapo, ama dhahabu imekwisha. Kabla ya kumlipa mganga, mwulizeni Afisa Madini.

Na tukumbuke: mahindi tukivuna, mwakani tunapanda tena. Dhahabu tukiitoa, hairudi. Fedha yake na ijenge nyumba na kusomesha watoto.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini wataalamu hupima pairaiti badala ya dhahabu?
2. Kipi kilitangulia Lupa, itale au dhahabu?
3. Kijijini kwenu, fedha ya dhahabu imeacha kitu gani cha kudumu?