Tofauti za Wanafunzi: Funzo Kutoka kwa Mbwa

Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Kirusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, hutajwa katika kila kozi ya saikolojia ya elimu. Wanachuo hukariri kengele, chakula na mate, basi. Lenye manufaa zaidi kwa mwalimu husahauliwa: mbwa wale hawakujifunza kwa namna moja.

Pavlov alitazamia kwamba mbwa wachangamfu ndio watakaofaa kwa majaribio. Kumbe, walipofungwa mikanda peke yao chumbani na kupewa kichocheo kile kile mara kwa mara, ndio waliotangulia kusinzia. Hawakufukuzwa. Vichocheo viliongezwa na kubadilishwabadilishwa, nao wakafanya kazi vizuri. Mbwa mwingine hakuivumilia mikanda kabisa. Alihangaika na kudondosha mate pasipo chakula. Ikaamuliwa alishwe pale pale alipofungwa, si pengine. Mwanzoni alikula kidogo akakonda, lakini baada ya miezi kadhaa alitulia. Na mafuriko yalipoikumba Leningrad Septemba 1924, mbwa waliookolewa majini hawakuathirika sawasawa: baadhi walipoteza kwa muda yale waliyokwisha kujifunza, wengine waliendelea kama kawaida.

Mwanachuo afanyaye mazoezi ya kufundisha Dirma, katika wilaya ya Hanang, hahitaji maabara. Katika maboma ya wafugaji wa Kiiraqw na Kidatoga, mbwa mchanga hujifunza kulinda mifugo kwa kuandamana na wakubwa. Na amwulize mchungaji mdogo, ambaye huenda ndiye yule aliyekwisha kuandikwa “mzito” darasani kwa kuwa Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao. Atamweleza ni mbwa yupi hutii mluzi, yupi huharibika akipigwa, na yupi huchelewa kuelewa lakini hasahau. Katika jambo hili mtoto huyo anatuzidi ujuzi, wala tusione haya kumsikiliza.

Tunapendekeza zoezi lifuatalo. Mwanachuo achague wanafunzi wawili wanaoshindwa somo moja. Kwa juma zima aandike, si alama zao, bali walifanya nini walipoulizwa swali. Juma la pili abadilishe jambo moja tu kwa kila mmoja: mahali pa kukaa, urefu wa zoezi, au namna ya kumsifu. Akibadilisha yote kwa pamoja hatajua lililosaidia. Darasa likiwa kubwa kazi hii ni nzito, ndiyo maana tumesema wawili. Daftari hilo alitoe mkufunzi afikapo kumkagua, kabla ya andalio la somo.