SOMO KWA MAKATIBU: Kukadiria Mvua ya Kijiji Kisicho na Kipima Mvua



Si kila kijiji chenye chama cha msingi katika Wilaya za Handeni na Korogwe kina kipima mvua. Hata hivyo kila chama kinahitaji kujua mvua yake: kwa kuchagua mbegu ya mahindi ya muda mfupi au mrefu, kwa kupanga wakati wa kupanda, na, pale wanachama walipojiunga na bima ya mazao inayolipa kwa kufuata kiwango cha mvua, kwa kujua kama wanastahili fidia. Kijiji kisicho na kipimo hukadiriwa kwa kutumia vituo vya jirani. Makadirio yakikosewa, anayebeba hasara ni mkulima. Kwa sababu hiyo katibu hana budi kuelewa jinsi makadirio hayo yanavyofanywa, ili aweze kuuliza swali linalofaa kwa wakati unaofaa.

1. Kanuni ya ujirani

Msingi wa kazi hii ni kwamba mahali palipo karibu hufanana kuliko mahali palipo mbali. Mhandisi wa migodi Danie Krige wa Afrika Kusini aliitumia fikra hiyo mwaka 1951 katika kukadiria dhahabu iliyomo katika miamba. Katika miaka ya 1960 Georges Matheron wa Ufaransa aliijengea nadharia kamili, na njia hiyo ikaitwa krigingi kwa heshima ya Krige. Katika njia hii kila kituo hupewa uzito wake, na kwa kawaida kituo cha karibu hupata uzito mkubwa kuliko cha mbali.

2. Mwelekeo ni nini?

Kanuni ya ujirani katika umbo lake jepesi ina sharti moja: wastani wa kitu kinachopimwa uwe ule ule katika eneo zima. Kwetu sharti hilo halitimii. Mji wa Korogwe uko katika bonde la Mto Pangani, karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari. Handeni ni karibu mita 700. Milima ya Usambara inapita mita 2,000. Msafiri atokaye Mombo kwenda Lushoto hupanda karibu mita 1,000 katika safari isiyozidi kilomita 40. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda milima, hupoa, na kuangusha maji upande wa mashariki. Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Mombo na Mazinde, zilizo nyuma ya milima hiyo, huachiwa hewa iliyokwisha kupungukiwa maji.

Badiliko la namna hii, lenye utaratibu na sababu inayojulikana, huitwa mwelekeo. Kile kinachobaki baada ya kuutoa mwelekeo tutakiita salio, kama tunavyosema katika hesabu. Katibu mwema hachanganyi hisa na mikopo katika safu moja ya daftari. Vivyo hivyo mwelekeo na salio havichanganywi.

3. Mfano wa kufundishia

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Vituo vinne vimepima mvua ya mwezi mmoja wa masika:

Kituo A, mita 300: milimita 95
Kituo B, mita 500: milimita 116
Kituo C, mita 1,100: milimita 201
Kituo D, mita 1,300: milimita 248

Kijiji chetu kiko chini ya mlima, mita 400. Kwenye ramani vituo vilivyo karibu zaidi ni C na D, vilivyo juu ya mteremko, na umbali wake kwetu ni sawa. Anayetazama ramani peke yake atachukua wastani wa 201 na 248, naye atapata milimita 224.5. Ikiwa mkataba wa bima unalipa mvua inapokuwa chini ya milimita 150, ataandika kwamba kijiji hakistahili kitu.

Sasa tutoe mwelekeo. Vituo vyote vinne vinaonyesha kwamba kila mita 100 za kupanda huongeza milimita 15, kuanzia milimita 90 kwenye mita 300. Kwa hiyo mwelekeo wa A ni 90, wa B 120, wa C 210, na wa D 240. Masalio ni +5, -4, -9 na +8. Kwa kijiji chetu mwelekeo ni 105. Masalio ya jirani zetu C na D, kwa uzito sawa, yana wastani wa -0.5. Jumla ni milimita 104.5. Kijiji kinastahili fidia.

Hatua basi ni tatu: toa mwelekeo, kadiria masalio kwa kanuni ya ujirani, rudisha mwelekeo.

4. Tahadhari

(a) Mtaalamu huchora variogramu, yaani mchoro unaoonyesha jinsi tofauti kati ya vituo inavyokua kadiri umbali unavyoongezeka. Mstari ukipanda kisha ukatulia, ni vyema. Ukizidi kupanda bila kutulia, mara nyingi ni dalili kwamba mwelekeo haujatolewa. Mchoro ufanywe upya kwa masalio.

(b) Mwelekeo usipelekwe nje ya vipimo vyake. Mfano wetu hausemi lolote juu ya mita 2,000.

(c) Mwelekeo wa mteremko wa mashariki usitumiwe nyuma ya mlima, wala ule wa Usambara usitumiwe Kabuku au Mkata, bila kuupima kwanza.

(d) Vituo vikiwa vichache, mwelekeo uwe mwepesi. Mstari uliopindapinda ili upite katika kila kituo huiga hata makosa ya wapimaji.

(e) Makadirio yajaribiwe: kituo kimoja kifichwe, kikadiriwe kwa vingine, kisha jibu lilinganishwe na kipimo chake halisi.

5. Kazi ya katibu

Chama chenye kipima mvua kisome kila siku saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Siku ambayo kipimo hakikusomwa iandikwe kistari, kwa maana kukosa kusoma si sawa na kukosa mvua. Kipimo cha jirani kisinakiliwe kuziba pengo. Mahali pa kipima mvua na kimo chake juu ya usawa wa bahari viandikwe kwenye jalada la daftari. Bila kimo, mwelekeo hauwezi kutolewa. Na kabla ya chama kutia sahihi mkataba wa bima, katibu aulize kwa maandishi: ni vituo gani vitatumika kwetu, viko kwenye kimo gani, na mwelekeo umeshughulikiwa vipi?

Maswali ya kujadiliana chamani

1. Kipima mvua kilicho karibu na chama chenu kiko juu yenu, chini yenu, au sawa nanyi?
2. Katika mfano wetu, kijiji kilicho mita 900 kina mwelekeo wa milimita ngapi? (Jibu: 180.)
3. Kwa nini kukosa kusoma kipimo kukiandikwa 0 kunaweza kuwadhuru hata wanachama wa chama jirani?