Mashine Ikikunyima Mkopo, Uliza Sababu Unayoweza Kuihakiki

Mama anayeuza mboga sokoni anaomba mkopo wa shilingi 5,000 kwa simu. Sekunde chache baadaye anapokea ujumbe: "Samahani, hujatimiza vigezo." Vigezo gani? Ujumbe hausemi, na huenda hakuna mtu aliyelisoma ombi lake.

Uamuzi wa aina hii mara nyingi hutolewa na mfumo wa kompyuta uliofunzwa kwa kumbukumbu za wakopaji waliotangulia. Hulinganisha miamala yako na historia yako ya ulipaji na za watu waliolipa na wasiolipa, kisha hukupa alama. Haujui kwamba mwezi uliopita ulifunga kibanda ili kumuuguza mtoto. Unachoona ni kuwa fedha zilipungua, na kwamba wengi ambao fedha zao zilipungua vivyo hivyo walichelewa kulipa.

Mifumo mingine hupima viashiria vingi kwa pamoja, hata waundaji wake wakapata taabu kueleza ni kipi kilichoamua. Ugumu huo ni wa mkopeshaji, wala si sababu ya kukunyima jibu.

Jihadhari pia na roboti ya gumzo iliyo ndani ya programu. Ukiiuliza kwa nini umekataliwa, itakujibu kwa ufasaha na upole. Hata hivyo, kazi yake ni kutunga maneno yanayofanana na jibu. Yawezekana haina njia yoyote ya kuona alama yako ilivyopatikana.

Jibu lenye manufaa ni lile unaloweza kulihakiki, kwa mfano: "Kumbukumbu zinaonyesha mkopo wako wa Machi haujalipwa." Hapo unaweza kutoa ujumbe wa malipo na kudai kumbukumbu zirekebishwe, pamoja na zile zilizopelekwa CRB.

Nchini Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinahusu uamuzi unaofanywa na mashine pekee na kukuathiri kwa kiasi kikubwa. Mhusika anapaswa kukuarifu kwa maandishi kwamba uamuzi ulifanywa hivyo, nawe unaweza kuomba ufikiriwe upya, au ufanywe mwingine usioachiwa mashine peke yake. Huenda bado ukakosa mkopo. Andika ombi lako ukitaja tarehe na nambari ya simu uliyotumia, na uhifadhi nakala. Usipojibiwa, wasilisha malalamiko yako pamoja na nakala hiyo kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.