Mada ya 7: Kutafuta Hitilafu ya Umeme kwenye Skrini za Viti vya Nyuma

Utangulizi

Katika mada iliyopita ulijifunza kanuni ya Ohm: V = I × R. Georg Ohm wa Ujerumani aliichapisha mwaka 1827. Sasa utaitumia ndani ya gari.

Magari mengi yanayobeba abiria kati ya Shinyanga, Kahama na Geita ni ya mtumba kutoka Japani. Baadhi yana skrini darini au nyuma ya viti vya mbele, ili abiria wa nyuma watazame video. Kwenye barabara za vumbi ziendazo migodini, gari hutikisika kutwa nzima. Viungio vya waya hulegea na vumbi huingia ndani yake. Waya unaopita kwenye bawaba ya skrini ya darini hukatika kidogo kidogo, na ule wa chini ya kiti husagwa na reli yake. Siku skrini inapozima, mwenye gari huambiwa anunue nyingine. Anainunua, inafungwa, nayo haiwaki. Fedha imekwenda na tatizo limebaki.

Jambo la kukumbuka katika mada hii: pima njia ya umeme kabla ya kukilaumu kifaa.

Hatua za uchunguzi

1. Soma dalili. Skrini mbili huunganishwa kwa sakiti sambamba, hivyo moja ikifa nyingine huendelea kuwaka. Zikizima zote, tafuta kwenye sehemu wanazochangia: fyuzi, waya mkuu au kiungio cha bodi. Ikizima moja tu, na kama skrini hizo ni za aina moja, badilishana plagi zake. Hitilafu ikihamia skrini nyingine, kosa liko kwenye waya. Ikibaki kwenye skrini ileile, kosa ni la skrini. Skrini ikiwaka lakini haina picha, umeme unafika. Kagua waya wa picha.

2. Kagua fyuzi. Zima gari kwanza. Fyuzi iliyoungua ina sababu yake, kwa kawaida waya uliochunika na kugusa bodi. Tafuta sababu hiyo, kisha weka fyuzi ya ampea zilezile. Usiweke kubwa zaidi, wala usifunge kipande cha waya mahali pake. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Usipokuwa na fyuzi sahihi, waya wenyewe ndio utakaopata moto, nao umepita chini ya zulia na viti walipokaa abiria.

3. Pima volteji skrini ikiwa imeunganishwa na kuwashwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Soma mfano ufuatao.

Mfano

Skrini ya wati 18 inatumia betri ya V 12. Kwenye njia yake kuna kiungio chenye kutu, ukinzani wake Ω 4. Fundi alichomoa plagi ya skrini, akapima kwenye plagi hiyo, akapata V 12. Akasema, "Umeme upo, skrini imekufa." Je, yuko sahihi?

Suluhisho

Mkondo wa kawaida wa skrini: I = 18 ÷ 12 = A 1.5
Ukinzani wa skrini: R = 12 ÷ 1.5 = Ω 8 (tuchukulie kuwa haubadiliki)

Plagi ikiwa imechomolewa, karibu hakuna mkondo unaopita, kwa kuwa ukinzani wa multimita ni mkubwa sana. Bila mkondo, kiungio hakipotezi volteji. Ndiyo maana alisoma V 12.

Plagi ikirudishwa:
I = 12 ÷ (8 + 4) = A 1
Volteji inayopotea kwenye kiungio: 1 × 4 = V 4
Volteji inayofika kwenye skrini: 12 − 4 = V 8

Fundi hayuko sahihi. Skrini haijafa, inapata V 8 badala ya V 12. Dawa yake ni kusafisha kiungio na kukikaza.

4. Pima upande wa hasi. Skrini ikiwa imewaka, weka ncha moja ya multimita kwenye waya wa hasi wa skrini na nyingine kwenye hasi ya betri. Usomaji uwe karibu na sifuri. Ukipanda, kiungio cha bodi kina kutu, rangi au vumbi.

Zingatia: Katika mtihani, jibu la "fyuzi imeungua" peke yake halijakamilika. Eleza pia kilichoiunguza na jinsi utakavyothibitisha.

Maswali ya kujipima

1. Skrini mbili za wati 18 zimeunganishwa sambamba kwenye V 12. Chagua fyuzi inayofaa: A 2, A 5 au A 20.

2. Injini inaunguruma na betri inasoma V 14. Kwenye skrini iliyowashwa kuna V 9. Upande wa chanya unapoteza V 0.2 na upande wa hasi V 4.8. Hitilafu iko wapi?

3. Skrini ya mfano wetu imefungwa moja kwa moja kwenye basi la V 24. Kokotoa nguvu itakayotumika, kisha eleza kitakachotokea.

Majibu

1. Mkondo wote ni 1.5 + 1.5 = A 3. Fyuzi ya A 2 itaungua bila kosa lolote. Ya A 20 inaweza kuacha waya mwembamba uungue. Inafaa A 5.

2. Kwenye kiungio cha bodi, kwa sababu karibu volteji yote iliyopotea (14 − 9 = V 5) imepotelea upande wa hasi.

3. I = 24 ÷ 8 = A 3; P = 24 × 3 = wati 72, yaani mara nne ya kawaida. Skrini itaungua. Inahitaji kifaa cha kupunguza volteji kutoka 24 hadi 12.