SOMO LA ROBO HII: "TRIBULATION" NA DHIKI



Katika vikundi vyetu hapa Rugera wengi husoma Biblia ya Kiswahili, na vijana wachache wana ya Kiingereza. Tukifika Warumi 5:3, penye "dhiki" kwetu, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "tribulation". Maneno haya yana maana moja, lakini yametoka njia mbili.

1. Tribulation
Asili yake ni Kilatini. Tribulum ulikuwa ubao mzito wenye mawe makali au meno ya chuma kwa chini. Wakulima wa Kirumi waliuburuza kwa ng'ombe juu ya ngano ili punje zitengane na makapi. Wakristo wa kale walilichukua neno hilo kueleza mateso makali, na kwa kupitia Kifaransa likaingia Kiingereza. Sisi tunaopura maharage kwa fimbo tunaelewa mara moja. Anayepura anataka punje, hataki kuiharibu. Tena anajua kwamba akipiga mno, maharage hupasuka.

2. Dhiki
Neno hili limetoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ufinyu, mahali pa kubana. Faraja nayo imetoka Kiarabu, katika shina lenye maana ya kufungua, kuachanisha. Kwa hiyo tunaposema "baada ya dhiki faraja", tunasema kwamba palipobana patafunguka.

3. Tunajifunza nini?
Mama aliyefiwa na mume, na ndugu wanagombea kibanja, huambiwa upesi: "Vumilia, Mungu anakupura." Tuwe waangalifu. Katika Warumi 5 Paulo anasema "sisi". Anazungumzia dhiki anayoshiriki mwenyewe. Somo la kupurwa mtu hulitoa juu ya maisha yake, si juu ya msiba wa jirani.

Kwa jirani, kazi yetu ni kupanua mahali. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na Karagwe pia ilipokea wakimbizi. Hawakuhitaji kwanza maelezo ya kwa nini wameteseka. Walihitaji nafasi: pa kulala, pa kuchota maji, pa kumtibia mtoto. Vivyo hivyo, yule mama anahitaji mtu wa kufuatana naye hadi baraza la kata, wa kumsaidia kupalilia, wa kuketi naye bila haraka. Hiyo ndiyo faraja kwa maana yake ya asili.

Maswali ya kujadili
1. Ni nani katika kitongoji chetu amebanwa sasa, na kitu gani kinambana?
2. Maneno gani ya kufariji huzidisha maumivu?
3. Kabla ya mkutano ujao, kikundi chetu kitampanulia nafasi gani?